Kozi wa Kulelewa na Hukumu ya Kumwacha Aende

Mtu aliyeokota kinda la ndege wa mwituni, akalilisha kwa vidole vyake mpaka likaota manyoya na kuwa ndege kamili, aghalabu hudhani kuwa swali la kumwacha aende zake au kumbakiza nyumbani litamfikia siku ile ndege atakapoanza kupigapiga mbawa dirishani. Dhana hiyo ni ya watu wema, lakini haikuwa ya watu walioijua kazi. Wafuga kozi wa zamani, ambao walikuwa wawindaji na wala hawakujidai kuwa na huruma kwa ndege, walitambua karne nyingi zilizopita kwamba hukumu hiyo hukatwa mapema mno, katika siku za malaika ya mwanzo, kwa namna kinda anavyolishwa na kwa sura anayoiona wakati tumbo lake linaposhiba. Na sehemu kubwa ya yale yaliyofanywa na wataalamu wa karne ya 20 kuwarudisha ndege porini ilitoka katika maarifa ya wawindaji hao.

Katika Bara Arabu, na hasa katika pwani za Ghuba ambazo mabaharia wetu walizifahamu kwa misimu mingi, Mabedui hawakupenda kumlea kozi tangu kiotani. Walimngoja apite. Kila mwaka, kiangazi cha kaskazini kinapokwisha, makozi hushuka kutoka nyika za Asia ya kati kufuata joto, na wategaji waliwanasa jangwani na ufukoni kwa wavu na chambo cha njiwa, wakimtaka zaidi yule wa mwaka wa kwanza, aliyekwisha kujua kuruka na kuua chini ya macho ya wazazi wake mwenyewe. Kisha wakafanya naye kazi moja iliyobaki, nayo ni kumzoesha mwanadamu: kumfunika macho kwa kofia ndogo ya ngozi, kumbeba mkononi saa nyingi katikati ya watu, mbwa na moto, na kumlisha juu ya ngumi mpaka hofu imtoke. Kazi hiyo ilikamilika katika majuma machache. Majira ya baridi kozi aliwinda hubara na sungura, akaongeza kitoweo katika hema za watu ambao jangwa liliwanyima mengi; na dini ilimtambua, maana aya ya nne ya Suratul Maida imehalalisha windo la wanyama waliofundishwa kuwinda, na wanazuoni wa fiqhi wakaeleza kwa urefu ni mafunzo gani yanayotosha.

Joto liliporejea, wengi waliwafungulia. Kumweka kozi hemani katika kiangazi cha Ghuba, naye akiwa katika kubadilisha manyoya, kulikuwa na gharama na hatari ya kumpoteza, kwa hiyo aliachwa aende kaskazini akazae, na msimu wa pili akategwa mwingine, au pengine yule yule. Sioni kuwa huo ulikuwa ukarimu. Ilikuwa hesabu nzuri. Lakini hesabu yenyewe iliwezekana kwa sababu ndege huyo hakuwa amesahau kitu: alikaa hemani kama mgeni, hakuwa mtoto wa nyumba. Desturi hiyo haijafa, kwani tangu mwaka 1995 mpango uliopewa jina la Sheikh Zayed wa Abu Dhabi umekwisha kuwaachia makozi zaidi ya 2,000 baada ya msimu wa kuwinda, wakiwa wamepimwa na matabibu na kuzoezwa kuruka upya ili misuli iliyolegea irudi.

Ulaya nako walitega makozi wapitao njia, lakini walizoea pia kuwatoa makinda viotani, katika magenge ya miamba, na hapo ndipo taabu ilipoanza. Mfalme Frederick wa Pili, aliyetawala Sicilia na kuvikwa taji la kaizari, na ambaye alifariki mwaka 1250, aliandika kwa Kilatini kitabu kikubwa juu ya sanaa ya kuwinda kwa ndege, na katika kuandika kwake hakuona haya kuwa mwanafunzi wa Waarabu. Kutoka kwao alijifunza matumizi ya ile kofia ya macho. Na mwanachuoni wake, Theodore wa Antiokia, alimfasiria kutoka Kiarabu kitabu cha mfuga kozi aitwaye Moamin, tafsiri ambayo kaizari aliisahihisha yeye mwenyewe wakati majeshi yake yalipokuwa yameuzingira mji wa Faenza. Alikuwa mtu wa kujaribu kila neno kabla ya kulisadiki; aliwafunga tumbusi macho ili ajue kama huiona nyama au huinusa, jambo ambalo pengine liliwashangaza majemadari wake. Kwake, na kwa wafuga kozi waliomfuata, kinda aliyetolewa mapema mno kiotani alikuwa bidhaa mbovu: hupiga kelele siku nzima kumlilia mtu ampe chakula, hufunika nyama kwa mbawa kwa uchoyo mbele ya bwana wake, hana adabu wala hofu, na anapotumwa angani hajui lililompeleka.

Dawa waliyoibuni ndiyo kiini cha habari hii, nayo yataka ielezwe kwa utulivu. Makinda waliokaribia kuruka waliwekwa katika kapu au sanduku mahali pa juu, palipo wazi, mbali na watu. Kila asubuhi na jioni, kwa saa isiyobadilika, nyama ilifungwa juu ya ubao ulio karibu, nao wakatoka, wakala, wakarukaruka, wakajifunza upepo. Hakuna aliyewafunga wala kuwaita. Baadhi ya mabwana waliwavisha njuga nzito miguuni ili wasiwahi kuua mapema mno. Hivyo waliishi kwa majuma kadhaa katika uhuru usio na masharti ila lile la ubao, mpaka siku moja mmoja wao akose kuja kula. Mtu asiyejua angehuzunika kwa kumkosa. Mfuga kozi alifurahi na kuingiwa na wasiwasi kwa wakati mmoja, kwa kuwa kukosa mlo kulikuwa shahada kwamba ndege ameua kwa makucha yake mwenyewe, na kuanzia saa hiyo ama humtega kwa wavu upesi, ama hampati tena. Walikuwa wamegundua, bila ya kukusudia, njia timamu ya kumrudisha porini ndege aliyelelewa na mtu. Kilichobaki kilikuwa ni kutoutandaza wavu ule wa mwisho.

Ilipita miaka mamia kabla ya mtu kuutupa wavu. Baada ya Vita Kuu ya Pili dawa ya wadudu iitwayo DDT ilienea mashambani, ikapanda kutoka mdudu hadi ndege mdogo na kutoka ndege mdogo hadi kozi anayemla, ikayadhoofisha maganda ya mayai hata yakavunjika chini ya uzito wa mama. Na kufikia katikati ya miaka ya 1960 kozi aina ya shahini alikuwa ametoweka kama mzazi katika upande wote wa mashariki ya Marekani. Mwaka 1970 Tom Cade, profesa wa Chuo Kikuu cha Cornell aliyekuwa mfuga kozi tangu ujana wake, alianzisha shirika la The Peregrine Fund, na miaka miwili baadaye serikali ya Marekani ikaipiga dawa ile marufuku. Cade na wenzake waliwazalisha makozi mabandani, kisha makinda wakapelekwa katika masanduku juu ya magenge na minara, kwa kanuni ile ile ya kale, isipokuwa sasa nyama iliteremshwa kwa bomba ili kinda asipate kumwona anayemlisha. Bundi wakubwa waliwaua wengi, hivyo makinda wakahamishiwa pwani na hata juu ya maghorofa ya miji. Na mwezi wa Agosti 1999, baada ya ndege zaidi ya 4,000 kuachiwa, shahini aliondolewa katika daftari la serikali la viumbe walio hatarini.

Lile bomba lilikuwa na sababu yake. Konrad Lorenz wa Austria, katika makala yake ya mwaka 1935, alikuwa amekwisha kueleza jinsi kinda anavyopokea katika siku zake za mwanzo sura ya yule atakayemfuata kuwa mzazi, na kwa ndege wa aina nyingi hata ya yule atakayemtaka kuwa mchumba. Na kunguru mdogo aliyemlea alimwashiki hata akawa anamtia funza waliosagwa sikioni. Cheko hilo lina upande wa huzuni. Mwaka 1967 katika bustani ya wanyama ya San Antonio alianguliwa korongo jike wa jamii ya korongo weupe wa Marekani, ambao mnamo 1941 walikuwa wamepungua hata kukaribia ishirini tu. Walimwita Tex. Alilelewa na mtu, na alipokomaa hakumtaka dume yeyote wa jamii yake. Tangu mwaka 1976, huko Baraboo, Wisconsin, George Archibald alikubali kuwa mwenzi wake: alicheza naye ngoma ya posa ya makorongo, akiruka na kuinama na kukunjua mikono uwandani, ili ndege aingiwe na hamu ya kutaga, na mbegu ya dume ikatiwa kwa mikono ya mafundi. Baada ya misimu kadhaa ya mayai yasiyofaa, kinda mmoja tu aliishi, mwaka 1982, na Tex akauawa na wanyama wa usiku mwaka huo huo. Walezi waliofuata walijifunza kuvaa kanzu nyeupe iliyowafunika uso na kulisha kwa kichwa bandia cha korongo. Huko California nako mlishaji wa makinda ya tumbusi wakubwa alivaa mkononi kichwa cha tumbusi wa mpira. Hata hilo halikutosha, maana tumbusi wa kwanza walioachiwa mwaka 1992 walizoea kutua penye watu na nyaya za umeme, kwa kukosa wazee wa kuwaonya, na ikabidi baadaye vijana walelewe karibu na ndege wazima.

Katika bahari yetu ya Hindi, kisiwani Mauritius, mwaka 1974 walijulikana makozi wadogo wa kisiwa hicho wanne tu porini. Carl Jones, Mwelshi aliyefika mwaka 1979, aliyachukua mayai ya kwanza viotani ili mama atage mengine, akaangua yale kwa mashine, akawalisha makinda kwa mkono katika siku zao za udhaifu, kisha akawaweka na wenzao na kuwatoa kwa njia ya sanduku na ubao. Katika muda wa mwongo mmoja hivi ndege zaidi ya 300 waliachiwa. Namtaja kwa sababu anakanusha kauli ya haraka kwamba mkono wa mtu huharibu daima: mkono ulisaidia, ila ulijua siku ya kujiondoa.

Karibu nasi zaidi kuna Rwanda, ambako kufuga korongo wa taji katika ua wa nyumba au bustani ya hoteli kulihesabiwa alama ya ukwasi na maisha marefu, na makinda yalikamatwa mabwawani kwa ajili ya biashara hiyo, ilhali korongo huyo huyo yumo katika bendera ya Uganda. Tangu mwaka 2014 daktari wa wanyama Olivier Nsengimana na wenzake wamewashawishi wenye nyua kuwatoa kwa hiari. Kila ndege hupimwa maradhi na kutazamwa bawa, na hapo swali letu hujibiwa na kisu cha aliyemfuga: aliyekatwa manyoya tu atayaota tena, naye hupelekwa katika uzio wa Hifadhi ya Akagera mpaka aweze kuruka nje mwenyewe, na waliopita njia hiyo ni zaidi ya 100; lakini aliyekatwa mfupa wa ncha ya bawa hataruka maisha. Hao wa pili wamepewa kijiji cha Umusambi, kando ya Kigali, katika bwawa lililofufuliwa, wakila wenyewe majanini na kuchagua wenzi. Wapo waonao kuwa hilo ni gereza lenye majani mazuri. Mimi nadhani wanaosema hivyo hawajamtazama korongo asiye na bawa akijaribu kumkimbia mbwa.