Mwalimu anapofundishwa akiwa kazini

Novemba 1974 Halmashauri Kuu ya TANU, chama tawala cha Tanzania Bara, ilikutana Musoma ikaamua kwamba ifikapo 1977 kila mtoto aliyefikia umri wa kusoma awe shuleni. Walimu wa kuwapokea hawakuwepo, na vyuo visingeweza kuwatoa kwa wakati. Wakachukuliwa vijana waliomaliza darasa la saba. Asubuhi walifundisha; saa nyingine walisoma wenyewe, kwa masomo ya posta, vipindi vya redio na mikutano na mkufunzi wa karibu, kisha wakamalizia kwa wiki chache chuoni. Zaidi ya 35,000 walihitimu hivyo.

Jina “mwalimu wa UPE”, yaani wa mpango huo wa elimu ya msingi kwa wote, likageuka kejeli. Hawakutendewa haki. Utafiti wa Mählck na Temu wa 1989 uliwalinganisha na wenzao waliopitia chuoni, na haukukuta lile pengo kubwa lililosemwa mitaani, ingawa wa chuoni waliwazidi katika baadhi ya mambo. Naamini siri ni moja: alichojifunza jana, leo alikijaribu mbele ya watoto.

Siku hizi walimu hupitia chuoni. Wilaya ya Rungwe, kusini mwa Tanzania, ina vyuo viwili vya ualimu vya serikali, Tukuyu na Mpuguso. Mpuguso kimejengwa upya kwa msaada wa Kanada. Lakini mwalimu akishahitimu, nani anamfuata?

Kwa miaka mingi kilichomfuata kilikuwa semina. Wakufunzi hufundwa kitaifa, wao huwafunda wa wilaya, na ujumbe hufika kijijini umeshachujuka. Vituo vya walimu vilivyojengwa miaka ya 1990 vingi vilidhoofu wafadhili walipoondoka. Na semina ya mbali haijui mvua ya Tukuyu. Hapa ni miongoni mwa sehemu zenye mvua nyingi zaidi nchini. Ikipiga bati, sauti ya mwalimu wa darasa la kwanza inamezwa katikati ya silabi, na mbinu ya kuitikia kwa pamoja haina kazi. Anayejua la kufanya ni mwenzake wa darasa la jirani: wape watoto vizibo wahesabu, andika ubaoni, pita dawati kwa dawati.

Afrika Kusini, katika jimbo la North West, watafiti walipima njia mbili: walimu kuitwa kituoni, na mshauri kuwafuata darasani. Waliofuatwa darasani, wanafunzi wao walipata mafanikio ya kusoma karibu mara mbili ya wale wengine.

Mwongozo wa MEWAKA wa 2020, mafunzo endelevu ya walimu kazini, umeelekea huko: walimu wa shule moja wakae pamoja, wajadili somo lililowashinda. Ni hatua nzuri. Ila mikutano hiyo ikikosa muda kwenye ratiba, itabaki kwenye majalada. Usafiri wa kuwafuata walimu pia ulitolewa: mwaka 2018 waratibu elimu kata karibu 2,900 walipewa pikipiki ili wazifikie shule. Pikipiki ikifika Mwakaleli au Kiwira, huku Rungwe, isiishie ofisini kuchukua takwimu. Mratibu aingie darasani, akae dawati la nyuma kipindi kizima, kisha azungumze na mwalimu kabla kengele haijalia.