Jezi Mbili za Leah Wilkinson: Hoja Kuhusu Mpira wa Magongo wa Wales

Leah Wilkinson, beki wa mpira wa magongo aliyezaliwa mwaka 1986, alianza kuichezea timu ya taifa ya Wales akiwa bado kijana na kufikisha zaidi ya mechi 100 za kimataifa. Mwaka 2019, akiwa na umri wa miaka 32, aliichezea Britania kwa mara ya kwanza. Miaka miwili baadaye alivaa medali ya shaba ya Olimpiki jijini Tokyo. Anayetazama medali hiyo peke yake huona mafanikio yaliyochelewa. Makala hii inashikilia kuwa mtazamo huo una kasoro: medali ilikuwa tunda la miaka mingi ya kuitumikia timu ndogo.

Chanzo cha safari hiyo ni muundo wa mchezo wenyewe. Katika Michezo ya Jumuiya ya Madola, mashindano ya Ulaya na Kombe la Dunia, Wales husimama kama taifa, sawa na Uingereza na Scotland. Katika Olimpiki mataifa hayo huungana chini ya bendera ya Britania, na tiketi ya kufuzu hutafutwa kupitia matokeo ya Uingereza. Hivyo, hata Wales ikifanya vizuri kiasi gani, ushindi wake hauwafungulii wachezaji wake mlango wa Olimpiki. Kila mmoja hulazimika kuchaguliwa peke yake, akishindana na wenzake kutoka taifa kubwa zaidi.

Hali haikuwa hivyo tangu mwanzo. Mchezo huu ulipoingia katika Olimpiki ya London mwaka 1908, Wales ilipeleka kikosi chake. Ilicheza mechi moja tu, ikafungwa na Ireland 3–1 katika nusu fainali, na ikapewa shaba pamoja na Scotland. Baadaye wanawake wa Wales walipata shaba wakiwa ndani ya timu ya pamoja: Helen Morgan mwaka 1992 huko Barcelona, na Sarah Thomas mwaka 2012 huko London.

Thamani ya jezi ya Wales ilionekana wazi Aprili 2018 katika Michezo ya Jumuiya ya Madola huko Gold Coast, Australia. Wales ilikutana na India, timu iliyoizidi kwa mbali katika orodha ya ubora duniani. Wales ilitangulia kwa mabao mawili, India ikasawazisha, kisha Natasha Marke-Jones akafunga bao la ushindi zikiwa zimebaki dakika tatu. Mechi ikaisha 3–2. Katika mechi kama hiyo, beki wa timu ndogo hucheza sehemu kubwa ya muda akiwa amebanwa langoni mwake, na humo ndimo anamojifunza kusoma mchezo na kutulia.

Mafunzo hayo yalihitajika Tokyo. Wilkinson, aliyekuwa mwalimu, aliacha kazi ili afanye mazoezi ya kudumu na kikosi cha Britania huko Bisham Abbey. Alikuwa pamoja na Sarah Jones, mzaliwa wa Cardiff na mwenzake katika timu ya Wales. Britania iliitoa Hispania katika robo fainali kwa mikwaju baada ya sare ya 2–2, kisha ikalazwa 5–1 na Uholanzi katika nusu fainali.

Tarehe 6 Agosti 2021 Britania ilikutana na India kuwania nafasi ya tatu. Britania iliongoza 2–0, lakini kabla ya mapumziko India ilifunga mabao matatu ndani ya takriban dakika tano. Mawili kati ya hayo yalitokana na kona za adhabu za Gurjit Kaur. Katika kona hiyo watu watano tu, kipa akiwamo, huruhusiwa kulinda. Wenzao husubiri katikati ya uwanja. Mpira ukishasukumwa kutoka mstari wa nyuma, walinzi huchomoka kumkabili mpigaji, na kosa la nusu sekunde hugeuka bao. Hollie Pearne-Webb alisawazisha, na katika robo ya mwisho Grace Balsdon akafunga la nne, nalo kwa kona ya adhabu. Britania ikashinda 4–3.

Yapo madai kwamba mfumo huu huinufaisha Wales, kwa kuwa wachezaji wake hupata jukwaa ambalo taifa lao lingelipata kwa shida. Dai hilo lina ukweli, ila linasahau anayegharimia malezi. Wales ndiyo iliyomlea Wilkinson kwa zaidi ya muongo mmoja, ilhali medali huandikwa kwa jina la Britania. Kwa hiyo tathmini ya haki ya mchezaji wa Wales haina budi kuhesabu jezi zote mbili, na kuanza na ile nyekundu ya Wales.