Gari la petroli lisilowaka wakati wa masika: tatizo liko wapi?

Mvua imenyesha usiku kucha. Asubuhi unapiga stata, injini inazunguka vizuri, lakini gari haliwaki. Mchana jua linatoka, unajaribu tena, linawaka mara moja. Wenye magari ya petroli ya zamani kisiwani Pemba wanaijua hali hii, hasa wakati wa masika, kati ya Machi na Mei.

Wengi hufikiri betri imekufa na hununua mpya. Masika yajayo gari linagoma tena. Kijijini gari kama hilo huenda ndilo pekee la kumpeleka mgonjwa au mama mjamzito hospitali usiku, kwa hiyo ni vyema kujua chanzo chake.

Kwa nini unyevu huzuia gari kuwaka?

Injini ya petroli huwaka kwa cheche ya plagi. Betri hutoa volti 12 tu. Koili huupandisha umeme huo hadi maelfu ya volti, mara nyingi zaidi ya 15,000. Katika magari mengi ya miaka ya 1980 na 1990, kama vile Toyota Corolla na Suzuki ndogo, umeme huo hupita kwenye distributa, ambayo huugawa kwa kila plagi kwa zamu.

Umeme wenye nguvu kiasi hicho hutafuta njia rahisi. Waya ikiwa na ufa, au kifuniko cha distributa kikiwa kimepasuka, maji huingia na umeme huvujia kwenye chuma cha injini kabla ya kufika kwenye plagi. Visiwani kuna jambo la ziada: hewa ya bahari huacha chumvi, na maji ya chumvi hupitisha umeme vizuri kuliko maji ya mvua. Gari la dizeli halina plagi za cheche, ndiyo maana halisumbuliwi na tatizo hili.

Hatua za kufuata

1. Sikiliza stata. Ikizunguka kwa uzito au ikilia "tik tik" huku taa zikififia, angalia betri. Safisha ukoko mweupe au wa kijani kwenye vichwa vyake na ukaze vibano. Stata ikizunguka kwa nguvu lakini gari haliwaki, betri haina kosa.

2. Zima swichi, toa ufunguo, fungua boneti. Kwa kitambaa kikavu futa koili, waya za plagi na kifuniko cha distributa, nje na ndani. Waya zichomoe moja moja na uzirudishe mahali pake. Zikichanganywa gari haliwaki hata likiwa kavu.

3. Chunguza kifuniko kwa tochi. Mstari mwembamba mweusi kama unywele ni njia ambayo umeme umeshajichomea. Kufuta hakutauondoa.

4. Piga stata kwa sekunde zisizozidi 10, kisha ipumzishe angalau nusu dakika. Ukisikia harufu kali ya petroli, plagi zimelowa mafuta. Subiri dakika 10 hadi 15, kisha kanyaga mafuta hadi mwisho huku ukipiga stata.

5. Gari likiwaka, lichunguze usiku mahali pa giza penye hewa ya kutosha, boneti likiwa wazi. Cheche za buluu zinazoruka juu ya waya zitakuonyesha umeme unavuja wapi. Angalia kwa mbali, usiguse.

Mambo ya kuepuka

Usikaushe injini kwa moto wa karatasi, kibatari wala jiko. Mvuke wa petroli hulipuka. Usishike waya ya plagi mkononi kupima umeme. Usimwagie petroli kwenye kabureta ili kulilazimisha gari kuwaka.

Tiba ya kudumu

Kufuta kwa kitambaa kutakufikisha uendako leo tu. Dawa ni kubadilisha kifuniko chenye ufa, rota yake na waya zilizokakamaa. Angalia pia plagi: zilizolika huhitaji umeme mkubwa zaidi, nao huzidi kuvuja. Kabla ya kulipa, mwombe fundi akuonyeshe ufa au cheche inayovuja.

Ukiegesha chini ya mwembe, toa majani yanayojaa chini ya kioo cha mbele. Yakiziba matundu ya kupitishia maji, mvua inaweza kumwagikia kwenye injini.

Kazi hii ifanywe Februari, kabla ya masika. Vipuri vingi hufika Pemba kwa njia ya bahari, na mgonjwa wa usiku hawezi kusubiri boti.