Milima ya Taita na jinsi spishi mpya za ndege zinavyotokea katika tropiki

MILIMA ya Taita huinuka ghafla kutoka nyika kavu ya Tsavo, na kilele chake cha Vuria hupita mita 2,200 juu ya usawa wa bahari. Chini kuna joto, mibuyu na vichaka vya miiba. Juu kuna ukungu, baridi na masalio ya msitu wa mvua. Ndani ya masalio hayo wanaishi ndege watatu ambao ni nadra sana duniani. Wa kwanza ni mkesha wa Taita, mwenye kichwa cheusi na mdomo wa rangi ya chungwa. Wa pili ni apalisi wa Taita, ndege mdogo mwenye koo jeusi. Wa tatu ni kinengenenge wa Taita, ambaye jicho lake limezungukwa na duara jeupe kana kwamba amevaa miwani.

Ndege hawa walifikaje kuwa wa pekee? Jibu la swali hilo ndilo linaloeleza pia kwa nini nchi zilizo karibu na ikweta zina aina nyingi za ndege kuliko Ulaya au Marekani Kaskazini.

Kwa kawaida spishi ni kundi la viumbe wanaozaana wao kwa wao, wala hawachanganyiki na wengine. Ili kundi moja liwe mawili, aghalabu sharti litenganishwe kwanza, ama na bahari, ama na mto mpana kama Amazon, ama na bonde lenye ukame. Wakishatengana, kila upande hushika njia yake. Mabadiliko madogo ya jeni hurundikana kizazi baada ya kizazi. Mengine hutokana na chakula na hali ya hewa ya mahali, na mengine ni ya bahati nasibu tu, hasa ikiwa kundi ni dogo. Nyimbo nazo hubadilika, kwa sababu ndege wengi waimbao hujifunza kuimba kwa kuwasikiliza wakubwa wao. Makundi hayo yakikutana tena baada ya muda mrefu, huenda dume akaimba na jike asimtambue.

Lakini bonde ni kitu gani kwa kiumbe mwenye mbawa? Mwanabiolojia Mmarekani Daniel Janzen alilijadili jambo hili mwaka 1967. Alisema kwamba katika nchi za baridi mnyama huzoea theluji na jua kali ndani ya mwaka mmoja, kwa hivyo tofauti ya joto kati ya kilele na bonde haimsumbui. Katika tropiki, mlima wenye baridi huwa na baridi mwaka mzima, na bonde lenye joto huwa na joto mwaka mzima. Kiumbe aliyezoea ukungu wa Taita huiona nyanda ya Tsavo kama bahari. Hata mbawa hazimsaidii sana, kwani ndege wengi wa ndani ya msitu huogopa kuvuka mahali peupe.

Tabianchi ya kale iliongeza nguvu ya vizuizi hivyo. Dunia ilipopoa, kama ilivyokuwa miaka ipatayo 20,000 iliyopita, sehemu kubwa ya Afrika ilikauka na misitu ikarudi nyuma. Mvua iliporejea, misitu ilipanuka. Hata hivyo, safu ya milima inayoanzia Taita na kuendelea hadi Udzungwa nchini Tanzania iliendelea kupata unyevu kutoka Bahari ya Hindi. Ndege waliokimbilia humo walisalimika wakiwa wametengana, kila jamii na mlima wake.

Vinengenenge ndio mfano ulio wazi zaidi. Familia yao ina spishi zaidi ya 100, na utafiti uliotolewa mwaka 2009 ulionyesha kuwa nyingi zilitokea katika muda wa miaka milioni 2 hivi, muda mfupi mno kwa hesabu za mageuko. Kwa miaka mingi wale wa milima ya Afrika Mashariki walihesabiwa kuwa spishi moja iliyosambaa. Chembe za urithi zilipochunguzwa, katika utafiti wa mwaka 2014, ilibainika kwamba baadhi ya ndege wa mlimani wana undugu wa karibu zaidi na wale wa nyanda za chini kuliko na wenzao wa milima mingine. Kufanana kwao kulikuwa kumewahadaa wataalamu. Leo kinengenenge wa Taita, wa Kulal, wa nyanda za juu za kati ya Kenya na wa Pare Kusini wanahesabiwa kila mmoja kuwa spishi yake.

Hata hivyo, si haki kuiita tropiki kiwanda tu. Mwaka 2007 Jason Weir na Dolph Schluter, wa Chuo Kikuu cha British Columbia nchini Canada, walilinganisha umri wa spishi zilizo ndugu. Karibu na ikweta zilikuwa zimetengana, kwa wastani, kwa zaidi ya miaka milioni 3. Kaskazini ya mbali, kwa chini ya milioni moja. Maana yake ni kwamba spishi huzuka upesi katika nchi za baridi, lakini pia hutoweka upesi. Tropiki inafanana zaidi na ghala la kale ambalo ni vigumu kitu kupotea ndani yake. Mwaka 1991 watafiti waligundua katika Udzungwa kwale wa msituni ambaye jamaa zake wa karibu wako Asia. Inasimuliwa kwamba walimshuku kwanza baada ya kuona miguu yake ndani ya sufuria ya kitoweo.

Ghala la Taita sasa limebomolewa kwa mashamba na kwa misitu ya kupandwa ya misonobari na mikaratusi. Msitu wa asili wa Ngangao una hekta 120 hivi, na wa Mbololo, ulio mkubwa zaidi, haufiki 250. Mtu anaweza kudhani kwamba kuugawa msitu vipandevipande kutazaa spishi nyingine mpya. Mambo si hivyo, kwa kuwa kutengana huko kunahitaji maelfu kwa maelfu ya miaka na idadi ya kutosha ya ndege. Watafiti wa Ubelgiji na Kenya waliowapima mikesha wa Taita katika miaka ya 1990 waligundua kwamba katika msitu ulioharibiwa zaidi, wa Chawia, tofauti ya urefu kati ya mguu wa kulia na wa kushoto ilikuwa kubwa kuliko kwa ndege wa Mbololo. Hiyo ni dalili kwamba vifaranga hukua katika dhiki.

Kinengenenge wa Taita anapatikana pia katika mlima wa Kasigau, upande wa kusini-mashariki. Apalisi, aliye katika orodha ya ndege walio kwenye hatari kubwa kabisa ya kutoweka duniani, hajapata kuonekana nje ya milima ya Taita.