Mwokotaji Mlangoni Petu

Hapa Mavivi, kama ilivyo Beni na Butembo, sote twalijua neno "pubeli". Twalitamka kila siku, na ni wachache wanaojua kwamba ni jina la mtu. Eugène Poubelle alikuwa mkuu wa mkoa wa Seine, yaani jiji la Paris na viunga vyake. Mwishoni mwa mwaka 1883 alitoa amri iliyowalazimu wenye nyumba kuweka takataka zao ndani ya vyombo vyenye kifuniko, badala ya kuzimwaga barabarani. Watu wa Paris walikipa chombo hicho jina lake, na jina hilo likavuka bahari pamoja na lugha ya Kifaransa hadi kufika kwetu. Amri ile iliandikwa kwa ajili ya usafi, lakini iligusa riziki ya maelfu ya watu waliokuwa wakiishi kwa kuokota vilivyotupwa nje ya nyumba za wengine. Katika tafakari hii twataka kuifuata historia ya watu wa namna hiyo, maana hupita hata milangoni petu.

Kwetu nyumba nyingi zina shimo la takataka nyuma ya migomba. Maganda ya ndizi na ya mihogo huwaendea mbuzi au huurudia udongo. Hubaki vile visivyooza: chupa, makopo, bido zilizopasuka, vipande vya mabati, sufuria zilizotoboka, viatu vilivyokatika. Kisha asubuhi moja hupita mtu tusiyemjua, mwenye gunia begani, pengine mtoto, pengine mama aliyekimbia kijiji chake, huchagua alichokitaka na kwenda zake. Chupa ataiosha na kuiuza kwa mwuza mafuta ya mawese. Sufuria itayeyushwa na kufinyangwa upya. Mtu huyo ni nani mbele yetu? Ni mwizi? Ni maskini anayechukua haki yake? Ni mpelelezi wa adui? Majibu hayo yote matatu yamewahi kutolewa katika historia, na kila moja lilikuwa na matokeo yake.

Jibu la kale zaidi tulijualo vema limo katika Sheria ya Musa. Kitabu cha Walawi, sura ya 19, na Kumbukumbu la Sheria, sura ya 24, humwagiza mwenye shamba asivune hadi pembeni kabisa, wala asirudi kuokota masuke yaliyoanguka au mganda aliousahau. Masazo hayo ni ya maskini, mgeni, yatima na mjane. Tuangalie vizuri jinsi agizo hilo lilivyo. Mwenye shamba haambiwi akusanye masazo na kuyagawa kwa mkono wake, ili ashukuruwe. Aambiwa ayaache, na maskini aingie mwenyewe kuyachukua. Basi kati ya mali ya mtu na kitu kisicho na mwenyewe, Sheria iliweka nafasi ya tatu, na nafasi hiyo ikawa ya mgeni.

Katika kitabu cha Ruthu twaona jinsi agizo hilo lilivyotendeka. Ruthu alikuwa Mmoabu, mtu wa taifa ambalo Waisraeli hawakulipenda. Boazi alipomwona akiokota nyuma ya wavunaji, jambo la kwanza alilofanya ni kumwuliza msimamizi wake habari za mwanamke yule: ni wa nani? Akajibiwa kwamba ndiye Mmoabu aliyerudi pamoja na Naomi. Baada ya kumjua, Boazi alizungumza naye, akawakataza vijana wake wasimsumbue, akampa maji na chakula, kisha akaamuru masuke mengine yaachwe makusudi mbele yake. Swali la Boazi halikuwa la kumfukuza mgeni. Lilimtoa katika hali ya kutojulikana, na kwa sababu hiyo likamlinda.

Desturi hiyo ya kuokota masazo ilidumu Ulaya kwa karne nyingi. Nchini Ufaransa, mwaka 1554, mfalme Henri wa Pili alitoa amri iliyowaruhusu wazee, vilema, watoto wadogo na wote wasio na nguvu za kuvuna kuokota masazo mashambani, baada ya mwenye shamba kuondoa miganda yake, tangu jua kuchomoza hadi kuzama. Katika vijiji vingi vya Uingereza, kengele ya kanisa ililia asubuhi kuwaruhusu waokotaji waingie shambani kwa pamoja, ikalia tena jioni kuwatoa. Hivyo mwenye mbio hakumtangulia mjane, wala hakuna aliyeingia usiku. Haki ya maskini ilikuwa na saa zake na mipaka yake, na watu wote waliijua.

Lakini mwaka 1788 mahakama kuu moja mjini London iliamua kesi ya mwanamke aitwaye Mary Houghton, wa kijiji cha Timworth, aliyekuwa ameokota masazo katika shamba la mtu. Majaji walio wengi walisema kwamba sheria ya Uingereza haimpi maskini haki yoyote ya kuokota; akiruhusiwa, ni kwa hisani ya mwenye shamba. Kengele ziliendelea kulia katika vijiji kadhaa kwa miaka mingi baadaye, kwa kuwa desturi haifi siku moja. Hata hivyo jambo kubwa lilikuwa limebadilika: kilichokuwa haki kimeitwa hisani, na hisani yaweza kuondolewa wakati wowote.

Mijini nako palikuwa na mavuno ya namna nyingine. Waokotaji wa Paris walitembea usiku wakiwa na taa, kikapu mgongoni na fimbo yenye ndoano. Matambara yaliuzwa kwa watengenezaji wa karatasi, kwa maana wakati huo karatasi nyingi ilitokana na nguo kuukuu. Mifupa ilitengenezwa vifungo na gundi, na makaa yake yalisafishia sukari. Tangu mwaka 1828 polisi waliwadai wavae kibati cha kuwatambulisha. Amri ya Poubelle ilipoanza kutumika mwaka 1884, iliwataka wenye nyumba watenge takataka katika vyombo vitatu: kimoja cha vitu vinavyooza, kingine cha karatasi na matambara, na cha tatu cha vigae, vioo na magamba ya chaza. Waokotaji walilalamika kwa nguvu, kwa kuwa waliona kwamba kifuniko kile kiliwafungia chakula chao. Hatuwezi kumlaumu Poubelle kwa kutaka jiji lisinuke. Twaona tu kwamba alipokuwa akipanga mahali pa kila taka, mtu aliyeishi kwa taka hizo hakupangiwa mahali pake.

Bara letu la Afrika lina ushuhuda wake. Mjini Cairo, tangu miaka ya 1940, wakulima maskini kutoka kusini mwa Misri, walio wengi wao Wakristu wa Kikopti, walichukua takataka milangoni pa watu kwa mikokoteni ya punda. Walitenga karatasi, plastiki na vyuma, na mabaki ya chakula waliwalisha nguruwe wao. Mwaka 1971 Sista Emmanuelle, mtawa aliyezaliwa Brussels, akiwa na umri wa miaka 62, alihamia kati yao akaishi katika kibanda kama vyao. Baadaye, mwaka 2003, serikali ilitoa kazi hiyo kwa makampuni kutoka Italia na Hispania, yaliyoweka mapipa barabarani. Nao waliozoea mwokotaji aje hadi mlangoni hawakuridhika. Mwaka 2009, kwa hofu ya homa ya mafua ya nguruwe, serikali iliamuru nguruwe wote wachinjwe, wapatao 300,000. Mabaki ya chakula yakarundikana katika mitaa ya Cairo. Ndipo wengi walipotambua kazi iliyokuwa ikifanywa kimya kimya na watu waliodharauliwa.

Anayefukuzwa mlangoni haachi kuokota; huenda kuokota jaani. Dampo la Dandora, mjini Nairobi, lilifunguliwa mwaka 1975, na watu wengi wamepata riziki yao humo. Mwaka 2007 Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira lilitangaza matokeo ya uchunguzi uliofanywa kwa watoto 328 waishio karibu na dampo hilo: nusu yao walikuwa na madini ya risasi katika damu kwa kiwango cha hatari. Mjini Kampala, jaa la Kiteezi, lililofunguliwa mwaka 1996, liliporomoka tarehe 10 Agosti 2024 baada ya mvua, likafunika nyumba na kuua watu zaidi ya 30. Kilichotolewa nje ya nyumba safi za jiji kiliwaangukia maskini waliokuwa wakiishi chini yake.

Hata hivyo, tusiwadharau wanaomwogopa mwokotaji. Hofu yao nayo ina historia. Nchini Kenya, mwezi Januari 2022, nguzo za umeme ziliporomoka na nchi nzima ikaingia gizani. Rais Uhuru Kenyatta akasimamisha biashara ya vyuma chakavu, kwa sababu vyuma vya umma vilikuwa vikiibwa na kuuzwa kana kwamba vimeokotwa. Biashara hiyo ilirudishwa baada ya miezi michache, chini ya masharti mapya. Wezi walikuwa wamejificha nyuma ya gunia la mwokotaji, naye mwokotaji mwaminifu akalipa deni lao.

Na sisi wa Beni tuna hofu yetu. Tangu Oktoba 2014 mauaji yamevikumba vijiji vyetu, na kila asiyejulikana aweza kudhaniwa kuwa jicho la adui. Mwezi huo huo wa Oktoba 2014, mjini Beni, umati wa watu wenye uchungu ulimwua kijana aliyeshukiwa kuwa mwasi. Ilisemekana kwamba shaka ilianza alipoonekana hajui Kiswahili. Hakuna mahakama iliyomsikiliza. Tena tangu tarehe 1 Agosti 2018 hadi Juni 2020 tuliishi na Ebola, tukajifunza kwamba godoro au nguo ya mgonjwa, hata ikionekana bado nzima, yaweza kubeba kifo, na kwa hiyo yapaswa kuchomwa. Kwa hiyo mtu akisema kwamba si vema kila mgeni apekue penye nyumba zetu, na kwamba si kila kilichotupwa kinafaa kuokotwa, asema neno la kweli.

Lakini kuna njia nyingine zaidi ya kumfukuza mgeni na kumfumbia macho. Mwaka 2001 uchumi wa Argentina ulianguka, na usiku mitaa ya Buenos Aires ikajaa watu waliovuta mikokoteni, wakiokota karatasi na maboksi nje ya nyumba. Sheria ya zamani iliwakataza. Mwezi Desemba 2002 jiji lilipitisha sheria nambari 992, iliyowatambua kuwa wafanyakazi wa usafi wa jiji, ikaanzisha daftari la majina yao, na kuagiza wapewe vitambulisho, mavazi ya kazi na glavu. Askofu mkuu wa jiji hilo wakati huo, Jorge Mario Bergoglio, alikuwa rafiki yao. Alipokuwa Papa Fransisko, mmoja wao alialikwa Roma katika ibada ya kuanza utume wake, Machi 2013, akakaa mbele pamoja na wageni wa heshima. Ndiye Papa yule yule aliyewapokea Kinshasa, tarehe 1 Februari 2023, watu wetu wa Beni na Butembo waliojeruhiwa na vita, akasikiliza habari zao.

Tukilinganisha habari hizi, twaona kwamba haki ya mwokotaji ilidumu pale ilipokuwa na mambo matatu: saa inayojulikana, mahali panapojulikana, na jina. Kengele ya kijiji iliweka saa. Pembe ya shamba ilikuwa mahali. Swali la Boazi na daftari la Buenos Aires vilitafuta jina. Mambo hayo hayo matatu ndiyo yanayohitajika pia kwa usalama wetu. Anayepita mchana, mahali palipokubaliwa, na ambaye jumuiya inamjua kwa jina na kwa kijiji alikotoka, si rahisi kushukiwa, na mwovu hawezi kujificha nyuma yake. Usalama na huruma, ambavyo mara nyingi twadhani vinapingana, hapa vyatembea njia moja.

Vijana wapendwa, kazi hii yafaa mikono yenu. Kikundi cha parokia chaweza kuzungumza na wazee na wakuu wa mtaa, kikachagua siku moja ya juma na mahali pamoja pa wazi ambapo kila nyumba itaweka chupa, makopo na vyuma visivyotakiwa. Chaweza kuwatambua waokotaji wanaopita, wengi wao wakiwa ndugu zetu waliokimbia vita, na kuwatambulisha kwa jumuiya. Na kila mtupaji ana wajibu wake: wembe, sindano, betri na vioo vilivyovunjika vifungwe peke yake, maana mkono utakaoingia humo ni mkono wa mtu. Vitu vya mgonjwa vishughulikiwe kama waganga wanavyoagiza, wala visiachwe nje vikamdanganya mwenye shida.

Wahenga walisema: mgeni njoo, mwenyeji apone. Asubuhi mtu atakapopita na gunia lake, tuanze kwa salamu, na baada ya salamu tumwulize jina.

Maswali ya kuzungumzia katika kikundi:

1. Katika mtaa wenu, ni nani hupita kuokota vilivyotupwa? Mwajua majina ya wangapi?

2. Kuna tofauti gani kati ya kumpa maskini masazo kwa mkono wetu na kumwachia ayachukue mwenyewe? Kwa nini Sheria ya Musa ilichagua njia ya pili?

3. Twaweza kufanya nini ili hofu yetu ya haki isimwangukie mtu asiye na kosa?