Endoskopia: kipimo cha kuangalia ndani ya tumbo

Mama, ukiambiwa mgonjwa wako anahitaji endoskopia, usiogope. Si upasuaji. Daktari huingiza mpira mwembamba wenye taa na kamera, akaona ndani kwenye skrini.

Ya juu. Mpira hupita mdomoni, kwenye umio, hadi tumboni. Huonyesha vidonda, uvimbe na mishipa inayovuja damu. Koo hupuliziwa dawa ya ganzi. Kipimo huchukua kama dakika 5 hadi 15. Mgonjwa asile kwa muda wa saa 6 hadi 8 kabla.

Ya chini (kolonoskopia). Mpira hupita njia ya haja kubwa. Kabla yake mgonjwa hunywa dawa ya kusafisha utumbo.

Daktari anaweza pia kuchukua kinyama kidogo cha kupima, kufunga mshipa unaovuja, au kutoa sarafu iliyomkwama mtoto.

Usisubiri ukiona:
- chakula kinakwama
- kutapika damu
- choo cheusi kama lami
- kukonda bila sababu

Saratani ya umio ni ya kawaida Afrika Mashariki, na wengi hufika hospitali wakati hata uji haupiti.

Mtoto akimeza betri ndogo ya duara, mkimbize hospitali saa hiyo hiyo: inaweza kumuunguza umio ndani ya saa 2.

Ukiwa Nyarero, anzia kituo cha afya kilicho karibu na uulize kuhusu rufaa. Hospitali ya rufaa ya Kanda ya Ziwa ni Bugando, Mwanza. Mgonjwa akipewa dawa ya usingizi, asirudi nyumbani peke yake.