Namba badala ya jina: rekodi za wagonjwa Kenya tangu Mosoriot

Rekodi za wagonjwa kwenye kompyuta nchini Kenya zina mizizi yake mbali na Nairobi. Februari 2001, katika kituo cha afya cha mashambani cha Mosoriot, karibu na Eldoret, madaktari wa Chuo Kikuu cha Moi na wenzao wa Chuo Kikuu cha Indiana, Marekani, walifunga kompyuta mbili na kuweka betri za sola kwa ajili ya umeme unaokatika.

Utaratibu ulikuwa nusu karatasi, nusu mashine. Karani wa mapokezi alimwandikisha mgonjwa na kumpa fomu. Mgonjwa aliibeba mwenyewe kwa muuguzi, maabara, mpaka dirisha la dawa, na kila aliyemhudumia aliandika sehemu yake. Kabla ya kuondoka aliirudisha kwa karani wa mwisho, naye akaingiza yote kwenye kompyuta. Zamani kila idara ilikuwa na daftari lake, na kutafuta aliyetibiwa mwezi uliopita kulimaanisha kufunua kurasa moja moja. Watafiti walipopima tofauti, walikuta muda ambao mgonjwa alikaa kituoni umepungua kwa asilimia 22.

Lakini kilichoukuza mfumo ule ni UKIMWI. Dawa za kupunguza makali ya virusi humezwa maisha yote, na daktari anahitaji kujua mgonjwa alipewa nini, lini, na tarehe gani ya kurudi ameikosa. Mpango wa tiba ya UKIMWI wa AMPATH, Eldoret, ulipoanza kuhudumia maelfu ya watu, programu ya Mosoriot ilielemewa. Mwaka 2004 madaktari Burke Mamlin na Paul Biondich wa Chuo Kikuu cha Indiana wakaasisi OpenMRS, programu isiyolipiwa ambayo yeyote anaweza kuichukua na kuirekebisha. Ilianza kutumika Eldoret mwaka 2006. KenyaEMR, inayotumika leo katika kliniki nyingi za serikali, imejengwa juu yake.

Hapo ndipo ugumu ulipokaa. Ugonjwa uliohitaji rekodi kuliko mengine yote ndio uliokuwa na siri nzito kuliko yote. Jina likivuja, mtu angeweza kupoteza nyumba, kazi au ndoa. Kliniki zikashika desturi ya namba. Mgonjwa anayeanza dawa hupewa namba ya tarakimu kumi: tano za mwanzo ni za kituo, tano zinazofuata ni zake. Sheria ya UKIMWI ya 2006 nayo ilitaja matumizi ya namba za utambulisho katika kutunza taarifa hizi. Na mwaka 2011, Kenya ilipoeneza nchi nzima mfumo wa DHIS2, uliobuniwa na Chuo Kikuu cha Oslo, taarifa zilizopanda kutoka vituoni hadi wizarani zilikuwa jumla za kila mwezi: watoto waliochanjwa, wajawazito waliopimwa. Wizara ilipata hesabu bila kuhitaji kujua ni nani.

Desturi hiyo ilivunjwa na amri iliyotoka juu kabisa. Tarehe 23 Februari 2015, Rais Uhuru Kenyatta aliagiza makamishna wa kaunti wakusanye taarifa za wanafunzi wote wanaoishi na virusi vya UKIMWI, za walezi wao, na za wajawazito na wanaonyonyesha wenye virusi hivyo. Nia iliyotajwa ilikuwa kupanga huduma. Ila tazama walioongoza kazi hiyo: maofisa wa utawala, watu ambao hawakuwahi kula kiapo cha kutunza siri ya mgonjwa. Na majina yaliandikwa pamoja na hali ya mtu. Katika kijiji ambako kila mtu anamjua mwenzake, orodha ya namna hiyo ni hatari kwa mtoto kuliko ilivyo msaada.

Shirika la kutetea haki za afya la KELIN na walalamikaji wenzake walikwenda Mahakama Kuu. Tarehe 7 Desemba 2016, mahakama iliamua kwamba agizo lile lilikiuka kifungu cha 31 cha Katiba, kinacholinda faragha, na cha 53, kinachotaka maslahi ya mtoto yatangulizwe. Ikaipa serikali siku 45 kuyageuza majina yaliyokwisha kukusanywa kuwa namba, ili yasihusishwe tena na hali ya mtu. Kwa maoni yangu hakuna hukumu iliyomfaa mgonjwa wa kawaida kuliko hiyo. Makarani wa kliniki walikuwa wakifanya hivyo muda wote. Mahakama iliwaunga mkono.

Sheria ya jumla ilichelewa. Sheria ya Ulinzi wa Data ilipatikana Novemba 2019, ikaziweka taarifa za afya katika kundi la data nyeti. Sheria ya Afya ya Kidijitali ikafuata Oktoba 2023, na mwaka mmoja baadaye bima mpya ya afya ya serikali, SHA, ikachukua nafasi ya ile ya zamani, NHIF. Sasa mambo ni makubwa zaidi: mamilioni ya watu, kitambulisho cha taifa, alama za vidole, na mfumo wa kompyuta wa shilingi bilioni 104.8 unaoendeshwa na muungano wa kampuni unaoongozwa na Safaricom. Mwaka 2025 ripoti ya Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali ilieleza kwamba serikali haiumiliki mfumo huo. Zaidi ya miongo miwili baada ya Mosoriot, mwananchi anastahili jibu lililonyooka kuhusu nani mwenye mitambo inayobeba magonjwa yake.

Tusingoje kesi nyingine. Sheria ya 2019 inakupa haki ya kujua taarifa zako zinatumikaje, kuziona, na kutaka kosa lirekebishwe. Siku utakapokwenda hospitali na kuweka kidole kwenye mashine, uliza rekodi yako inahifadhiwa wapi na nani anaruhusiwa kuifungua. Wana wajibu wa kukujibu.